Safari Moja ya Matope

Gari lile lilipewa jina la Ng'ombe kwa sababu lilikuwa linalia. Si injini iliyolia. Injini ilikuwa na adabu zake. Ni matairi. Yalikuwa matairi ya meno, yale mapana ya matope, ambayo ukiyapeleka kwenye udongo mbichi yanatafuna na kusonga bila neno, lakini ukiyaleta kwenye lami yanapiga kelele mpaka aliye chooni ajue umepita. Gari likishika mwendo, mlio ulianza chini chini, ukapanda, ukawa mmmuuu moja ndefu isiyokoma mpaka breki. Watoto wa mtaani waliuacha mpira wao wakaliitikia.

Na gari hilo, kwa mipango ya Mungu ambaye naye hupenda utani, lilikuwa linaendeshwa na mkutubi. Mwanamke ambaye kutwa kazi yake ni kuweka kidole mdomoni na kuwaambia watu wazima wanyamaze, alikuwa anafika kazini kwa kishindo cha zizi zima. Wenzake maktabani wakiusikia mlio kwenye kona walisema, "Haya, fungueni vitabu, Ng'ombe kafika." Naye alicheka nao, angefanyaje? Mtaani walimwita Mama Kasuku. Kasuku ni binti yake wa darasa la pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu alipojua kusema hajapumzika. Baba Kasuku alikwenda zake zamani, na hapa hatuna shida naye.

Gari lilikuwa la baba yake mzazi. Mzee alikuwa mchimba visima maisha yake yote. Kila alipoondoka nyumbani alisema, "Nina safari," na nyumba nzima ikajua maana yake ni mabomba, kamba, saruji na majuma kadhaa ya kutoonekana, kisha atarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Safari, katika nyumba ile, lilikuwa jina la kazi. Ng'ombe alikuwa ameshavusha kila kitu kwenye mabonde ya huko: mashine, magunia, wajawazito waliozidiwa, na mwaka ule wa mvua kubwa akamvusha na mama yake Mama Kasuku, ilhali magari mengine yote yalibaki upande wa pili yakitazama.

Sasa mzee alikuwa kitandani. Vumbi la mawe alilolivuta miaka yote lilikuwa limeweka makazi kwenye mapafu yake, na halikuwa na nia ya kuhama. Alichukuliwa na binti yake, akapewa chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama geti, na Ng'ombe naye akaja kama mali inayomfuata mwenyewe. Hivyo gari la kuchimbia visima likawa la kwenda shule, sokoni, maktabani na hospitali. Lami tupu, mlango hadi mlango.

Matairi nayo yalikuwa yamezeeka. Ya nyuma yalibaki na vijino vya hapa na pale, ya mbele yalikuwa vipara kabisa. Mzee, ambaye kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, alipenda kusema, "Kipara cha mtu ni heshima, kipara cha tairi ni matanga." Mama Kasuku alikuwa akicheka na kuahirisha. Kesho, kesho kutwa, mwisho wa mwezi. Mpaka ikaja asubuhi ya mvua.

Mbele ya shule ya Kasuku, mwalimu wa zamu alikuwa amesimamisha magari ili watoto wavuke. Mama Kasuku alikanyaga breki mapema, kama siku zote. Gari halikusimama. Liliteleza, kichwa kimeelekea kulia na mkia kushoto, na ule mlio wake ukakatika ghafla. Ndipo alipojua kwamba mlio ukikatika na gari bado linakwenda, hapo huna tairi, una sabuni. Lilikuja kusimama karibu na mwalimu kiasi kwamba mwalimu aliweka mkono juu ya boneti, si kwa kulizuia, bali kwa kujishikilia asianguke. Nyuma yake mtoto wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza amepanda ukingo wa barabara. Mwalimu hakutukana. Angetukana ingekuwa afadhali; alimtazama tu, midomo imemkauka, kisha akatoa mkono akaenda zake.

"Mama," Kasuku alisema kutoka kiti cha nyuma, "tulitaka kumgonga mwalimu wa hesabu?"

"Nyamaza, Kasuku."

"Sisemi kwamba ni vibaya. Nauliza tu."

Siku hiyo Mama Kasuku hakuwanyamazisha watu maktabani. Alikaa nyuma ya meza yake, mikono kwenye mapaja, na kila alipofumba macho aliuona mkono wa mwalimu juu ya boneti.

Jioni alimkuta mzee kama anavyomkuta kila jioni: ameketi kitandani, mgongo umenyooka, uso umepanguswa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe leo kalia vibaya. Gurudumu la mbele, la kulia."

Alikuwa anaweza hilo. Alilisikia gari tangu kwenye kona ya mashine ya kusaga, na kwa mlio tu alijua kama lina upepo mdogo au kama Kasuku ameacha mlango nusu. Mama Kasuku alikaa ukingoni mwa kitanda akamweleza habari za asubuhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wakati umefika," alisema. "Nenda kwa Presha. Mwambie za meno. Zile zile."

"Baba, mimi naenda maktabani."

"Najua unakokwenda."

"Ni lami tupu. Na za meno kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri, hata zikiwa mpya. Nina mtoto kwenye gari. Kuna watoto wa watu barabarani."

"Za meno mpya zinashika kuliko vipara."

"Na za lami zinashika kuliko hizo zote."

Mzee alianza kukohoa. Ilimchukua muda kumaliza, na binti yake akamshikia kikombe, akitazama pembeni kwa sababu alijua baba yake hapendi kutazamwa akikohoa.

"Tairi ni kiatu, mwanangu," mzee alisema pumzi iliporudi. "Kiatu hakichaguliwi na mguu. Kinachaguliwa na njia."

"Ndicho ninachokwambia! Njia yangu ni lami."

"Mimi bado nina safari moja." Alikuwa anatazama dirishani. "Ina matope."

Alilisema kwa upole kabisa. Daktari alikuwa amemwita pembeni muda si mrefu uliopita, akamwambia kwamba mapafu yamekwisha, kilichobaki ni kumpunguzia mzee maumivu. Hakumwambia mtu. Hakumwambia mzee mwenyewe. Alikuwa ameibeba habari hiyo peke yake, nyumbani na kazini, na sasa baba yake alikuwa ameketi hapa na shati lake safi, anaota kisima. Anajiona atapanda gari, atafunga mabomba juu, atawapungia mkono. Angemwambiaje kwamba safari zimekwisha?

"Sawa, baba, nitaona," alisema, kwa ile sauti tunayowapa watoto na wagonjwa. Kisha akaenda jikoni, akafungulia bomba la maji kwa nguvu, akalia.

Hakuuliza ni safari ya wapi.

Presha alikuwa na duka la matairi chini ya bati, kando ya barabara kuu, matairi yamepangwa mpaka kwenye mbao za paa na mashine ya upepo ikitetemeka kwenye kona. Jina alilipata kwa kazi. Alikuwa na tabia ya kupima upepo wa kila gari linalosimama pale, hata lililosimama kuuliza njia. Wabaya wake walisema ni jina la ugonjwa wake. Alimjua mzee tangu ujana wa wote wawili.

Alichuchumaa mbele ya Ng'ombe, akachukua njiti ya kiberiti akaisimamisha kwenye mfereji wa tairi. Njiti ilibaki nje karibu yote.

"Tairi mpya inaimeza hii," alisema. "Hili lako haliwezi hata kuilamba. Umekuja nalo kwa dua ya nani?"

"Ya mama yangu marehemu."

"Basi mshukuru. Haya, niambie. Gari hili kila siku linakwenda wapi?"

"Shule. Maktabani. Hospitali. Nyumbani."

"Matope?"

"Ya kwenye ndoto za baba."

Presha alijipangusa mikono, akamwonyesha. Huku za meno: nzito, ndefu, mifereji yake mipana. Huku za lami, zenye mistari myembamba iliyolala kama nywele zilizochanwa. "Za meno, kwenye matope hakuna mfano wake. Zinakamata, halafu zikizunguka zinautupa udongo, meno yanabaki wazi. Za lami zikiingia matope zinajaa, na zikijaa umeshakuwa kipara. Lakini kwenye lami ya mvua, kuvaa za meno ni kuvaa njumu za mpira sebuleni. Unatembea, ndiyo. Siku sakafu ikilowa, utatueleza."

"Na hakuna za katikati?"

"Zipo. Za njia zote, tunaziita. Meno mafupi, hazilii sana, matope ya wastani zinapita. Ila saizi ya Ng'ombe zimekwisha. Nina mzigo unaingia wiki ijayo. Ukiweza kusubiri..."

Mama Kasuku aliingiza vidole kwenye mfereji wa tairi la meno. Vilizama. Harufu ya mpira mpya ikampanda puani, na ilikuwa harufu ya utoto wake, ya baba anapakia mizigo na yeye ameketi juu ya tairi la akiba akiambiwa ashuke. Alitaka kusubiri. Tuseme ukweli, alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema nitasubiri. Lakini akajiuliza hayo meno mafupi ni ya nini. Ni ya kumdanganyia mzee, au ya kujidanganyia yeye? Ghafla akashikwa na hasira, hasira ya mtu aliyechoka: kwa daktari aliyenong'ona, kwa baba anayejifanya mzima, kwa nafsi yake inayosema sawa baba, nitaona. Mtu mmoja katika nyumba hii ilibidi akubali kwamba kilichobaki ni lami na hospitali.

"Funga za lami."

"Mzee anajua?"

"Mzee hatoki kitandani ila kwenda hospitali."

Presha aliguna. "Haya. Wewe ndiye dereva." Akaanza kulegeza nati. Alipomaliza aliuliza kama amwekee yale ya nyuma, yenye vijino, pengine siku moja yangefaa. Mama Kasuku akasema hapana.

Waliporudi nyumbani, yeye na Kasuku aliyempitia shuleni, gari lilikuwa kimya. Kimya cha ajabu. Alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia ndani ya gari lile: taa ya kukata kona ikigonga, kijiko kikibingirika chini ya kiti, mvua ikiligusa paa. Usukani ulikuwa mwepesi. Alijaribu breki, gari likasimama pale pale alipotaka, na mabega yake yakashuka.

"Mama," Kasuku alinong'ona, "Ng'ombe kafa?"

"Hajafa. Amenyamaza."

Walipita kona ya mashine ya kusaga bila mlio, wakaingia getini bila mlio. Mama Kasuku akaenda moja kwa moja chumba cha mbele kusalimia, kama kila siku, akasukuma mlango.

Mzee alikuwa amelala kiubavu, kifua wazi. Mbavu zake zilihesabika. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi zinakwaruza, na mkono mmoja ulikuwa unapapasa juu ya stuli ukitafuta kikombe ambacho kilikuwa upande wa pili. Shati lilikuwa limetandazwa kwenye kiti, vifungo vimefunguliwa, mikono imenyooshwa, tayari kuvaliwa. Hapo Mama Kasuku akaelewa. Kila jioni, tangu kwenye kona mpaka getini, mlio wa Ng'ombe ulikuwa unampa mzee muda. Muda wa kujiinua, kujipangusa na kufunga vifungo, ili binti yake akiingia amkute baba, asimkute mgonjwa. Alisimama mlangoni bila kujua aingie au arudi nje akaanze upya.

"Nani?"

"Ni mimi, baba."

Mzee alivuta shuka mpaka kidevuni. "Mbona sijasikia gari?"

Nyumba yenye Kasuku haikosi jibu. "Babu! Ng'ombe hasemi tena!"

Mzee aligeukia dirisha la getini. "Za lami," alisema.

"Za lami, baba."

"Nipe shati."

Alitaka kumsaidia kulifunga, mzee akaondoa mikono yake taratibu, akafunga mwenyewe, kifungo kimoja kimoja, mpaka shingoni. Ilimchukua muda mrefu. Mama Kasuku alikaa pale akitazama sakafu, na moyo ulimuuma kuliko pale mbele ya shule.

Asubuhi ilikuwa zamu ya hospitali. Mzee alitoka nje akiegemea bega la binti yake, na walipofika kwenye gari akasimama kwenye gurudumu la mbele. Akainama kwa shida, akapitisha kiganja juu ya tairi, akarudia tena. Mama Kasuku alisubiri maneno. Alikuwa ameandaa majibu yote, kuhusu mtoto, kuhusu mvua, kuhusu mwalimu.

"Laini," mzee alisema. "Presha amezifunga vizuri." Akalipiga tairi kidogo, kama anavyopigwa mnyama aliyetumika vizuri. "Si kitu, mwanangu. Mtabeba."

"Tubebe nini, baba?"

"Mtabeba tu." Akanyoosha mkono apandishwe.

Mama Kasuku alidhani ni habari za mabomba. Zamani, mahali ambapo hata Ng'ombe hakufika, vibarua walibeba mabomba mabegani, na mzee alipoulizwa vifaa vitafikaje huko alijibu hivyo hivyo, watabeba. Alimwonea baba yake huruma. Kumbe bado yuko kisimani, alijisemea, akawasha gari.

Lakini kimya kile kilileta na heri yake, tusikionee. Miaka yote, kuzungumza ndani ya Ng'ombe kulikuwa kupiga kelele: kata kulia, angalia shimo, funga dirisha. Sasa baba na binti walikwenda hospitali na kurudi wakizungumza kwa sauti ya chini. Mzee alimsimulia jinsi alivyomwona mama yake mara ya kwanza, amesimama juu ya shimo na ndoo yake, anamcheka kwa sababu amechimba siku nzima na hajapata hata tone. "Nikachimba tena pale pale kwa hasira," alisema. "Maji yakatoka jioni. Nikamwoa." Mama Kasuku naye alimweleza habari za Baba Kasuku, ambazo hakuwahi kumweleza mtu.

"Yule nilimjua siku ya kwanza," mzee alisema. "Alikuwa hafungi mlango wa gari vizuri."

Walicheka mpaka mzee akakosa pumzi. Alipoipata, akamtazama binti yake kwa muda. "Miaka yote hiyo nakupakia gari hili, sikujua kwamba una sauti ya mama yako."

Siku moja walisimama kwenye taa nyekundu, mvua ikinyesha. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. "Huko kwetu sasa, bonde limeshaanza kulegea," alisema.

"Ndiyo, baba, msimu wake." Na kwa kuogopa asije akaanza tena habari za safari, Mama Kasuku akarukia jingine, akamwuliza kama anataka kupita dukani. Mzee akasema hapana, asante. Taa ikawa kijani.

Mzee alifariki mchana, Mama Kasuku akiwa kazini. Jirani, fundi cherehani aliyekuwa akimchungulia mzee kila baada ya muda, ndiye aliyepiga simu. Mama Kasuku alimkuta ameketi, mgongo kwenye mto, uso umepanguswa, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Siku hizi alikuwa anavaa tangu asubuhi," jirani alisema huku akilia. "Namwambia mzee, pumzika, jioni bado. Ananiambia, gari siku hizi halibishi hodi."

Mama Kasuku alipiga magoti, akauweka uso wake kwenye mikono ya baba yake. Ilikuwa bado na uvuguvugu kidogo.

Baba mdogo, mdogo wake mzee aliyebaki na mashamba ya kwao, alisema kwa simu kwamba kaburi litachimbwa pembeni ya shemeji yake, walete. Jeneza likapakiwa ndani ya Ng'ombe, viti vya nyuma vimelazwa, Kasuku amekaa mbele na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema. Ndugu walifuata kwa magari yao. Lami ikawapeleka mbali, kisha ikaisha, ikaja barabara ya vumbi lililolowa, na mwisho likaja bonde: udongo mweusi, mzito, unaong'aa kwa maji, na upande wa pili watu wamesimama na majembe.

Magari yote yalisimama kwenye ukingo. Hakuna aliyejaribu, kila mtu alijua bonde lile ni la Ng'ombe. Ng'ambo, baba mdogo alikuwa anapunga mikono yote miwili. "Njoo! Usisimame, njoo tu!"

Mama Kasuku aliweka gia ya nguvu kama alivyofundishwa, akaingia. Gari lilikwenda kidogo. Kisha usukani ukawa hauna maana, magurudumu yakazunguka pale pale, akasikia tope likipiga chini ya gari. Alipunguza, akaongeza, akarudi nyuma, akasonga. Ng'ombe akaegemea upande mmoja taratibu, akazama mpaka ekseli.

Baba mdogo alivuka kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Hakumsalimia kwanza. Alitazama magurudumu: ile mistari myembamba ilikuwa imejaa tope, hakuna mstari, mpira mweusi mtupu.

"Za meno ziko wapi?"

"Nilibadilisha, baba mdogo."

"Lakini kaka aliniambia..." Akajizuia.

"Alikuambia nini?"

"Aah, yamepita, mwanangu."

"Alikuambia nini?"

Baba mdogo alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Alinipigia jioni moja. Nikamwambia bonde limeharibika siku hizi, siku yoyote likitokea la kutokea itabidi tutafute trekta. Akasema trekta la nini? Ng'ombe alimvusha mke wangu hadi kaburini, atanivusha na mimi. Akasema wewe umeshaambiwa, unabadilisha matairi. Akasema bado ana safari moja..."

"Ina matope," Mama Kasuku alimalizia.

Katika nyumba nyingine yoyote, mzee mgonjwa akisema bado ana safari moja, watu wanainamisha vichwa. Hata mtoto anajua ni safari gani. Lakini yeye alikulia kwenye nyumba ambako safari ni mabomba na saruji, akalisikia neno la baba yake kwa masikio ya utotoni. Yeye alidhani anamficha mzee kifo. Mzee alikuwa amekwisha kukijua, amekipimia njia na kukichagulia matairi, na alimwomba kitu kimoja tu.

Wanaume walikuwa wamevua viatu. Walifungua mlango wa nyuma, wakalivuta jeneza nusu, mabega yakajipanga. Mama Kasuku alishuka. Tope lilimmeza mguu na kiatu kikabaki humo, akavua na cha pili akakitupa ndani ya gari, akaja akasimama mbele, upande wa kulia.

"Mwanangu, kaa pembeni," baba mdogo alimwambia. "Wanaume wapo, watabeba."

"Alisema tutabeba."

"Nani?"

"Baba. Aliposhika tairi. Hakusema watabeba, alisema mtabeba." Na akaingiza bega.

Baba mdogo alimtazama, akampisha.

Walibeba. Mzee alikuwa amebaki mifupa, lakini mbao zilikuwa nzito na kila hatua ilitaka kuung'oa mguu kwanza. Mtu mmoja aliteleza, wengine wakashikilia. Ukingo wa jeneza ulimkata Mama Kasuku begani, na hakutaka kupokewa. Nyuma yao Ng'ombe alikuwa amelala kwenye tope na mlango wazi, Kasuku amesimama juu ya kiti akiwatazama. Katikati ya bonde Mama Kasuku alishindwa kujizuia. Alikuwa ameliweka shavu lake kwenye ubao, anazungumza nao.

"Nisamehe, baba. Gari lilikuwa kimya. Tulikuwa tunasikia mpaka kijiko. Na bado sikukusikia."

Alilisema mara nyingi, kwa sauti kubwa, mpaka ukingo wa pili, na hakuna aliyemwambia anyamaze.